Taa Inayokonyeza

Asubuhi ya safari, mke wa Swichi aliisuuza chupa ya chai kwa maji ya moto na punje za mchele. Aliitikisa, akaimwaga, akainusa, akarudia tena, mpaka harufu ya chai ya miaka yote ikaisha. Kisha akaifuta ndani kwa kitambaa alichokizungushia mpini wa mwiko, akaianika juani mdomo wazi. Mumewe alikuwa amekaa kizingitini akipaka viatu vyake rangi. Aliiona ile chupa. Hakuuliza ni ya nini, maana alijua, na mtu haulizi analolijua ila akiwa anatafuta ugomvi.

Swichi lilikuwa jina la kazini lililomfuata mpaka nyumbani. Kazi yake yote aliifanyia kwenye chumba kimoja chenye mlango wa bati nyuma ya soko, katika kituo kidogo cha umeme, mbele ya mikono ya chuma ya kuwashia na kuzimia laini za mji wao. Mwezi uliopita alikuwa amestaafu. Wengine shirika huwapa saa ya ukutani. Yeye alipewa mapumziko mafupi, yeye na mkewe, hoteli na chakula juu ya shirika, waende mji mkubwa wakaone taa za Krismasi.

"Mzee wetu, nenda ukale matunda ya jasho lako," msimamizi alimwambia, akimpigapiga begani.

Swichi alijaribu kukwepa. Alisema goti linamsumbua. Alisema mjukuu ataachiwa nani. Alisema mjini kuna vibaka. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa kukaa na kazi yake, ambaye hata harusi ya ng'ambo ya mto ilikuwa ikimshinda. Safari hii alilipiga pindo la sare ya shule mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akasema:

"Tunakwenda. Goti litapona huko huko."

Jambo lenyewe lilikuwa la kawaida na hakuna mtu pale kwao asiyelijua. Desemba ikiingia, mji mkubwa ulihitaji taa za sikukuu, na taa hizo zilitoka kwenye miji midogo. Si umeme; umeme walikuwa nao wa kumwaga, tena ukitoka kwenye bwawa lililo nyuma ya kilima cha akina Swichi. Penye miti hapana wajenzi. Walichotaka ni mwanga wenyewe, ule uliokwisha kukaa na watu. Mwanga mpya, walisema, ni mkali, unaonyesha madoa usoni. Mwanga uliotumika nyumbani hutoka vizuri kwenye picha.

Basi simu ililia kituoni, sauti ikataja laini ya siku hiyo, na aliyekuwa zamu akashusha mkono wa chuma. Mwanga ukatoka kwenye balbu za watu, ukaingia kwenye waya, ukaenda nguzo hadi nguzo mpaka mji mkubwa, ambako kulikuwa na vijana wenye ngazi wa kuupokea na kuutundika. Ahadi ilikuwa kwamba Januari utarudi. Uliorudi, kama ulirudi, ulikuwa mwepesi kama uji wa mgonjwa.

Mwenye bucha aliwahi kwenda mjini kumwona mwanawe, akaikuta taa ya bucha yake juu ya mlango wa benki, nyekundu kidogo kwa kukaa na nyama. Aliisalimia. Aliporudi alisimulia kwamba hata nzi walikuwa bado wanaifuata, walinzi wa benki wanashinda wakipunga magazeti. Alisema pia kwamba mwanga hausahau ulivyofanyiwa. Kila jioni, saa ileile uliyokatwa, unakatika tena kidogo, vilevile ulivyokatwa, kisha unarudi.

"Ya kwangu ikakonyeza mara mbili," alisema. "Nikajua, ah, huo ni mkono wa Swichi."

Maana kila mwenye zamu alikuwa na mkono wake. Swichi, kabla ya kukata, aliushusha mkono wa chuma nusu akaupandisha, akaushusha nusu akaupandisha, ndipo akakata. Hakuna aliyemfundisha. Aliwaza tu kwamba kuna mtu ana sufuria jikoni, kuna mtu yuko kwenye ngazi na mtoto mgongoni, apate nafasi ya kutafuta kiberiti. Watu walimpenda kwa hilo. "Umekonyeza," walisema, na kila mmoja akajua pa kushika. Mwenzake wa zamu, aliyeitwa Kaputula kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona na suruali ndefu, yeye alikata kama anayechinja kuku. Zamu ya Kaputula watu walijigonga vidole, wakamtukania mama yake, wakacheka. Ndivyo ilivyokuwa kabla ya mwaka juzi.

Mwaka juzi, Desemba, majumba yalikuwa yamekwisha kuzimwa, na soko, na shule. Ilibaki laini ya zahanati peke yake. Jioni hiyo binti yao wa pekee, mwalimu wa chekechea, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili, alikuwa leba, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Mama yake alikuwa nyuma ya jengo akichemsha maji kwa kuni. Simu ikalia kituo cha umeme: mti wa mjini unazinduliwa leo na haujapata nyota. Mkono ukashushwa. Mkunga alifanya alichoweza kwa mshumaa mmoja ulioshikwa na mfagiaji. Mtoto alitoka mzima. Mama yake damu ilikataa kukata, na mkunga hakuona inakotokea.

Swichi alifika baadaye kidogo, anahema, amebeba dumu la dizeli kwa ajili ya jenereta ya zahanati. Alisema alikuwa amebadilishana zamu na Kaputula ili akatafute dizeli. Watu walimpisha, wakampa kiti. Dumu lilikuwa la kweli, hilo halina ubishi.

Baada ya maziko mkewe alimuuliza mkunga kama taa ilikonyeza.

"Mama, macho yangu yalikuwa kwa binti yako," mkunga alijibu. "Taa ningeitazama saa ngapi?"

Basi akaenda kwa Kaputula mchana kweupe, akasimama mlangoni na watoto wa mwenye nyumba wakiangalia, akamwita muuaji. Kaputula alitoka na kaputula yake, akasema, "Mama, haki ya Mungu, sikuwa mimi." Yule mama akamwambia njia ya mwongo ni fupi. Methali ilikuwa nzuri, na alimtupia kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia. Tangu siku hiyo hakuna aliyerudisha salamu ya Kaputula. Duka la mkewe likakosa hata mnunuzi wa chumvi. Kabla mvua hazijaanza walikuwa wamehama, wakaenda kuishi mji mwingine, mwendo wa nusu siku kwa gari.

Mtoto walimpa jina la Mshumaa. Baba yake alikuja, akalia, akaenda zake, akaoa. Mshumaa alikua vizuri, akanenepa, akatembea mapema, ila giza likiingia alilia mpaka akakohoa, na Desemba nzima ilikuwa giza. Bibi yake alimbeba chumba hadi chumba na kipande cha mshumaa. Alikuwa ameamua tangu zamani kwamba ule mwanga wa zahanati ni wa mtoto, ulikuwa umewashwa kwa ajili yake, na hata ukibaki wa kujaa kifuniko utamtosha. Ndiyo maana ya chupa. Na Swichi, pale kizingitini, akipaka kiatu kilichokwisha kung'aa, alikuwa anafikiria kitu kimoja tu, mkono wake mwenyewe.

Walimwacha Mshumaa kwa mke wa mwenye bucha, wakaondoka.

Hoteli ilikuwa na kapeti mpaka kwenye lifti. Dada wa mapokezi aliwauliza wametoka wapi. Walipomtajia aliinama chini ya meza, akatoa vitambaa viwili vya kijani.

"Karibuni sana. Nyinyi ni wenye taa. Mvae mkononi, mtapata kusimama mbele, karibu na kamba." Akatazama kwenye kompyuta yake. "Ya sebuleni kwenu imefika salama. Iko kwenye pua ya kulungu, pale mbele ya duka la viatu."

"Asante, mwanangu," alisema mke wa Swichi. "Na ya zahanati?"

"Hiyo iko uwanjani, mama. Hiyo haipotei, tangu mwaka juzi haijashushwa."

Chumbani kulikuwa na swichi ukutani, swichi kitandani, swichi bafuni, na moja nyuma ya pazia isiyowasha kitu chochote. Swichi hakugusa hata moja. Mkewe ndiye aliyewasha, akazima, akawasha. Akakaa kwenye kitanda, akabonyeza godoro kwa mikono miwili, akacheka.

"Mzee, hii ndiyo ile fungate uliyoniahidi?"

"Imechelewa kidogo."

"Kidogo! Nilikuwa na kiuno cha kushikwa kwa mkono mmoja. Sasa itabidi uombe msaada jirani."

Swichi alicheka kweli. Jioni ilipoingia walitoka, yeye na koti lake la kazini lililofutwa nembo, mkewe na gauni alilolishona kwa safari hiyo, chupa ya chai kwapani. Barabara zilikuwa zimefungwa, hakuna magari. Watu walitembea wawili wawili wakitazama juu, vinywa wazi. Watoto wa kwaya waliimba kwenye ngazi za jengo la mahakama. Madirisha ya maduka yalikuwa na theluji ya pamba. Mke wa Swichi aliingiza mkono kwenye kikapu cha nje, akaichambua ile pamba kwa vidole.

"Pamba safi kabisa," alisema. "Hapa kuna magodoro ya wodi nzima."

"Weka chini, mlinzi anakuangalia."

"Aniangalie. Nimevaa kitambaa."

Waliipata taa yao ya sebuleni. Kulungu alikuwa wa plasta, mkubwa kuliko ng'ombe, na puani mwake ulikuwa ule mwanga wao wa njano uliofifia, wa balbu waliyoinunua ndogo ili kubana matumizi. Chini ya mwanga huo binti yao alijifunzia kusoma. Chini yake walikula, wakanuna, wakapatana, wakapokea wageni na kuwasema walipoondoka. Familia moja ya mjini ilikuwa inapiga picha, baba amempandisha mwanawe kwenye shingo ya kulungu. Mtoto alitia kidole puani mwa kulungu, mwanga ukamwangaza kiganja.

"Wa joto," mtoto alisema.

"Ni wenu?" baba yake alimuuliza Swichi, ameona kitambaa.

"Wetu."

"Hongereni. Mzuri sana. Mna mkono mzuri huko kwenu."

Swichi alishukuru. Mkewe akamshika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu msiba, na wakaenda hivyo, mkono kwa mkono, kama watu waliotoka kuoana juzi. Walipita taa za shule, zilizowekwa kwenye daraja. Watu waliopita chini yake walijikuta wakipanga mstari. Walipita taa ya kinyozi, na kila mwanamume aliyekuwa chini yake alijishika kisogo. Mkewe aliyataja majina ya wenyewe, hii ya fulani, ile ya marehemu fulani, akamwambia mumewe kwamba angejua mjini kuzuri hivi asingengoja astaafu. Kwa muda wa barabara mbili hivi alikuwa na furaha. Swichi aliiona, ikamuuma, akapunguza mwendo.

"Goti," alisema.

"Uwanja ni pale tu."

Mti wa uwanjani ulikuwa wa chuma, mrefu kuliko majengo yote. Umezungushiwa kamba, na kwenye kamba alikuwapo mlinzi mnene mwenye kofia ya sikukuu. Mke wa Swichi hakuhitaji kuonyeshwa. Nyota ilikuwa juu kabisa, nyeupe, na ndani ya weupe wake mlikuwa na kijani cha ile rangi ya mafuta iliyopakwa nusu ukuta kule leba. Chini yake hewa ilinuka spiriti. Umati ulikuwa mkubwa lakini ulizungumza chinichini, bila kujua sababu. Wanaume walisimama mikono nyuma, wakitazama mlango usiokuwepo.

Alimsalimia mlinzi, akaeleza habari yake na kuonyesha chupa. Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa adabu, na alikuwa amesikia habari za namna hiyo jioni nyingi.

"Kuishusha hapana, mama yangu. Kila mwenye taa ananiomba, na nikimpa mmoja nimewapa wote. Wenyewe wanasema hiyo ndiyo inayopendeza kuliko zote. Za zahanati huwa safi." Akasogea karibu. "Lakini saa yake ikifika huwa inamwagika. Makombo yakidondoka ndani ya kamba tunayafagia. Yakidondoka nje, ni yenu. Simama hapa."

Akamvuta kwa kiwiko, akampa nafasi nzuri.

"Tumeiona, mama," Swichi alisema. "Twende. Baridi hii itakupa kifua."

"Ngoja saa yake."

"Tutakuja kesho."

"Kesho ni kesho. Nishikie kizibo."

Swichi akashika kizibo. Mkewe aliinua chupa kwa mikono miwili, mdomo juu, akatulia. Alikuwa amejiandaa kwa mkato wa Kaputula, ule wa ghafla. Alikuwa amejiambia kwamba hatafumba macho.

Nyota ilififia nusu, ikapanda. Ikafifia nusu, ikapanda. Halafu ikazima.

Umati ulisema "aaah" kwa pamoja. Vijana na wachumba wao walikumbatiana, maana wenyeji walikuwa wamejiwekea kwamba nyota ikikonyeza unamkumbatia uliyekuja naye. Lilikuja giza fupi, lenye sauti ya beseni la bati likigongwa na mtu akiomba kiberiti, kisha nyota ikarudi palepale ilipokuwa, watu wakapiga makofi. Mwanga kidogo, wa kiasi cha kikombe, ulikuwa umedondoka taratibu ukaingia kwenye chupa.

Mke wa Swichi aliishusha chupa kifuani. Hakugeuka.

"Imekonyeza," alisema.

"Nyingi hukonyeza."

"Kaputula hakonyezi."

Mkewe alinyoosha mkono nyuma bila kumtazama, akapokea kizibo, akafunga chupa, akakaza mpaka kidole gumba kikageuka cheupe. Mlinzi aliwauliza kama wamepata. Akasema wamepata, asante sana, Mungu akubariki, na akamwuliza watoto wake hawajambo.

Walirudi hotelini kwa barabara zilezile. Mke alitembea mbele. Alipita taa ya kinyozi, akapita daraja, akampita kulungu. Chumbani alizima swichi zote, hata ile ya nyuma ya pazia, akalala na gauni lake, chupa ikiwa katikati ya kitanda. Swichi alikaa kwenye kiti mpaka usingizi ukamchukua akiwa amekaa. Asubuhi kulikuwa na chakula cha kujipakulia, na mkewe alikula vizuri, akafunga mikate miwili kwenye kitambaa kwa ajili ya mtoto. Zilibaki siku za mapumziko. Hakuna aliyezitaja. Walikwenda kituo cha mabasi.

Basi lilikuwa limetoka mjini, taa zimekwisha, mashamba yameanza, ndipo Swichi alipoongea.

"Niliagizwa," alisema.

"Najua uliagizwa. Wewe huagizwa maisha yako yote."

"Nilijua wana jenereta. Sikujua haina mafuta. Nilipojua nilikimbia..."

"Na dumu. Nililiona dumu." Mkewe alikuwa anatazama dirishani. "Nataka jambo moja tu. Ulijua mtoto wako yuko leba, laini iliyobaki ni hiyo peke yake. Sasa ulimkonyeza nani? Nani alikuwa atafute kiberiti? Yeye?"

Swichi aliangalia mikono yake. Ilikuwa mikono ya kawaida, kucha fupi, sugu moja kwenye kiganja.

"Mazoea," alisema.

Mkewe alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei na kuikubali.

Nyumbani Mshumaa alikuwa ameanza kulia, maana jioni ilikuwa inaingia na mke wa mwenye bucha alikuwa amemaliza nyimbo zote anazozijua. Bibi alimchukua, akaenda naye chumbani, akaiweka chupa juu ya meza ya cherehani, akafungua. Mwanga ulitoka taratibu, ukatosha kitanda na nusu ya ukuta. Mtoto alinyamaza. Aliutazama kwa muda, akanyoosha mikono yote miwili, akatabasamu kama anayemwona mtu anayemfahamu. Ilipofika saa yake ulififia nusu ukapanda, ukafifia nusu ukapanda, ukazima na kurudi. Mshumaa alipiga makofi.

Januari mke wa Swichi alishona sare za watoto wa Kaputula, shati na suruali kila mmoja, kola mbilimbili, vifungo vya kudumu. Akapanda basi, akauliza nyumba, akaonyeshwa. Kaputula alifungua mlango. Alikuwa amenunua suruali ndefu. Mama yule alisema alichokwenda kusema, amesimama, kwa sauti ileile aliyosema nayo mara ya kwanza, ila mtaa huu haukumjua mtu na hakuna aliyetoka kusikiliza. Kaputula alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilikwambia," alisema, akapokea mfuko, akafunga mlango.

Aliporudi, Swichi alimuuliza ilikuwaje. Mkewe alisema alikata vitambaa kwa vipimo alivyovikumbuka, na watoto wamekua, sare hazikuwatosha.

Miezi ikaenda. Katika nyumba ile hakuna aliyepiga kelele na hakuna aliyeondoka. Chakula kiliwekwa mezani, maji ya kuoga yaliwekwa bafuni. Swichi alilala chumba cha mbele. Uongo aliokuwa ameufuga alikusudia kuukiri tangu msiba ulipomalizika, kisha mtoto akaugua, kisha Kaputula akahama, na ukazoea nyumba kama kiti kibovu ambacho kila mtu anajua namna ya kukikalia. Sasa kiti kilikuwa kimetolewa nje, na Swichi alisimama. Majirani walimwona amechoka, wakasema kustaafu si mchezo.

Ilipokaribia Desemba nyingine, msimamizi alipiga simu. Mji mkubwa ulikuwa umeipenda sana ile nyota. Walitaka mwaka huu taa zote zikonyeze hivyo, kutoka miji yote, na yule binti mhitimu aliyechukua nafasi ya Swichi alikuwa anajaribu lakini mkono wake mgumu. Je, mzee angekuwa na asubuhi moja ya kuwafundisha? Swichi alisema atamwuliza mkewe. Mkewe alikuwa palepale, anasikia.

"Nenda," alisema. "Nani mwingine anaijua?"

Akampigia pasi shati, ukosi kwanza, kisha mikono. Swichi akaenda. Alisimama kwenye kile chumba cha mlango wa bati, akamshika yule binti kiwiko, akamwonyesha: nusu, juu, nusu, juu, ndipo ukate. Binti alikuwa mwepesi wa kushika. Alimwita baba, akamwambia kwamba ni jambo la utu sana, kuwaaga watu hivyo. Wakapiga picha. Wiki hiyo simu ilianza kulia. Zikaenda nyumba, likaenda soko, ikaenda shule, na safari hii hata zahanati haikungoja mwisho, kwa kuwa nyota moja ilikuwa imeonekana haitoshi. Laini zote zilikonyeza vizuri. Watu walitafuta viberiti, wakamsifu Swichi kwa kumwacha mrithi.

Kwake hakuna kilichobadilika, isipokuwa kwamba Mshumaa sasa anazungumza, na ana mchezo wake. Kila jioni, kabla ya kufunga chupa, bibi yake huita.

"Mzee, njoo. Mtoto anakuaga."

Swichi huja. Angeweza kusema goti linamsumbua, lakini huja, husimama mlangoni, mikono nyuma. Ile chupa huonyesha uso wa mtoto, ambao ni uso wa mama yake, paji lilelile, mwanya uleule. Mshumaa humtazama babu na kungoja atulie. Kisha hufumba macho yote mawili nusu na kuyafumbua, akayafumba nusu na kuyafumbua, ndipo akayafumba kabisa, akajikaza asicheke, akajifanya amekufa usingizi.

"Umemwona?" bibi huuliza.

"Nimemwona."

"Kajifunza mwenyewe. Hakuna aliyemfundisha."

Halafu hufunga chupa na kukaza kizibo. Swichi hubaki gizani kidogo, mpaka asikie pumzi za mtoto zimetulia, kisha hupapasa ukuta kurudi chumba cha mbele, mlango, meza, kona ya kabati, kitanda. Kiberiti kipo. Huwa mfukoni mwa mkewe.